Hedseti ya Elfu Sabini na Tano

Daktari alinifungia kwenye kijumba kidogo kisichopitisha sauti, akanipa kitufe na kuniambia nibonyeze kila nikisikia mlio, hata uwe mdogo vipi. Nilibonyeza kwa bidii ya mtu anayetaka kufaulu. Mlio mzito, nikabonyeza. Wa kati, nikabonyeza. Halafu kukawa kimya muda mrefu hivi, nikadhani mashine imekwama. Kumbe milio ilikuwa inaendelea kupita, mimi ndiye nilikuwa siisikii.

Alipotoa karatasi, mstari wa sikio la kulia ulikuwa umetembea vizuri, tambarare, mpaka kwenye hezi 4,000. Hapo ukaanguka kama gari lililoingia shimo usiku, kisha ukapanda tena. La kushoto lilikuwa na shimo hilohilo, ila dogo kidogo.

"Ulikulia karibu na kiwanda?" akaniuliza.

Nilikulia Kamukunji. Si kulala huko. Nyumbani ilikuwa Shauri Moyo. Lakini Jumamosi zote na likizo zote nilizimaliza kwenye kibanda cha baba, pale mabati yanapigwa nyundo mpaka yawe masanduku ya shule. Kama hujawahi kupita Kamukunji mwezi wa Desemba, watu wakijiandaa kwa Januari, siwezi kukueleza ile kelele. Si kelele moja. Ni mamia ya nyundo, kila moja na wimbo wake, na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Daktari alinisikiliza, akachora mviringo kwa kalamu nyekundu kuzunguka lile shimo. "Hili halikuzuii kuruka leo," akasema. "Cheti chako kinaangalia 500, 1,000, 2,000 na 3,000, na huko uko sawa. Lakini shimo la hapa kwa 4,000 huwa ni la kelele. Halizibiki. Wewe kazi yako ni kuhakikisha halipanuki." Halafu, akiwa ameshaanza kuandika, akauliza kana kwamba anauliza ninatumia sabuni gani: "Kwenye ndege huwa unavaa hedseti gani?"

Swali hilo lilinichukua miezi mitatu kulijibu.

Nieleze kwanza hali yangu ya pesa, maana ndiyo iliyofanya jambo dogo kuwa kubwa. Nafanya kazi ya kompyuta Upper Hill. Mshahara ukiingia nanunua saa za kuruka pale Wilson, jinsi wenzangu wanavyolipia ploti za Kitengela: kidogo kidogo, na maombi mengi. Saa moja kwenye Cessna 172 pamoja na mkufunzi ilikuwa inanila zaidi ya elfu ishirini. Kwa hivyo kichwani mwangu kila kitu nilikipima kwa saa. Viatu vipya, robo saa. Harusi ya binamu yangu kule Kakamega, pamoja na nauli na sare, saa nzima. Hedseti nzuri mpya ya kuzima kelele, kama Bose A30, wakati huo ilikuwa inauzwa Marekani kwa dola kama 1,300. Geuza hizo kwa shilingi, ongeza usafiri na ushuru, uone zimekuwa saa ngapi. Mimi niliona, nikafunga simu.

Na si kwamba sikuwa na hedseti. Nilikuwa na David Clark ya kijani, zile unazoziona kwenye picha za marubani tangu zamani, niliyouziwa na jamaa aliyeacha masomo akaenda Canada. Hiyo haina betri wala ujanja wowote. Ni vikombe viwili vya plastiki ngumu, sponji ndani, na chuma kinachokubana kichwa kama mtu aliyekudai. Kifaa kizuri, nisikisingizie. Ila mito yake ya masikioni ilikuwa imekauka na kupasuka. Juu ya hapo mimi husuka matuta na kuvaa miwani, na kila tuta na kila mkono wa miwani ni mlango ambao kelele inaingilia. Sikuwa najua. Nilidhani ndege huwa hivyo.

Kilichonifanya niache kudhani ni siku moja, miezi michache kabla ya daktari. Tulikuwa tunarudi kutua, mimi ndiye niliyeshika redio. Mnara ukaongea. Nilisikia maneno mawili ya mwisho, "to land," na kichwa changu kikajaza yaliyobaki. Nikajibu kwa sauti ya kujiamini kabisa: "Cleared to land." Yaani, tumeruhusiwa kutua.

Hatukuwa tumeruhusiwa kutua. Tulikuwa tumeambiwa sisi ni wa pili: "Number two to land," mbele yetu kuna Caravan. Mnara ulinirekebisha papo hapo, kwa ile sauti ya mwalimu wa zamu, na mkufunzi wangu alikuwa ameshashika usukani kabla sijamaliza kuona aibu. Tukarefusha mzunguko, Caravan ikatua, sisi tukafuata. Hakuna kilichotokea. Ile Caravan nilikuwa hata sijaiona. Nilikuwa nimekubali kwa mdomo wangu kutua nyuma ya ndege nisiyojua iko wapi.

Chini, tukifunga ndege kamba, Kapteni hakunifokea. Aliniuliza tu: "Redio yako sauti uliiweka wapi?" Nikamwambia mwisho. Nilikuwa nimezungusha kitufe mpaka hakisogei tena. Akasema, "Mwisho, na bado hukusikia," akaenda zake kunywa chai.

Basi baada ya daktari nikaanza kusoma. Ndani ya ndege ndogo kama 172 kelele hupita desibeli 90 bila shida. Watu wa afya ya kazini wanashauri desibeli 85 ukae nazo saa nane kwa siku, usizidishe. Na kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu. 88, saa nne. 91, saa mbili. 94, saa moja. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani, spika ikinipiga mbavuni, nikaona nina deni ambalo hata CRB hawalijui.

Halafu kuna namna kelele yenyewe ilivyo. Propela ya 172 ina mapanga mawili. Ukiwa umetulia angani, injini inazunguka kama mara 2,400 kwa dakika, maana yake mapanga yanapita mbele ya kioo mara 80 kila sekunde. Injini ina silinda nne, nayo inalipuka mara 80 hizohizo. Sehemu kubwa ya kelele, kwa hivyo, ni mvumo mzito wa chini, ule unaoingilia kifuani. Sponji na plastiki zinazuia vizuri sauti nyembamba. Mvumo mzito unapita tu, kama baridi ya Limuru inavyopita kwenye sweta. Hedseti ya kuzima kelele ina maikrofoni ndogo ndani ya kikombe inayosikiliza huo mvumo, halafu spika inapiga wimbi lililo kinyume chake. Moja likipanda, lingine linashuka. Yakikutana, yanauana.

Huyo aliyewapa marubani kitu hicho kwa bei ya kuumiza, Amar Bose, alianza kuifanyia hesabu mwaka 1978 akiwa abiria kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Marekani, baada ya kupewa hedfoni ambazo hazikumfurahisha. Mwaka 1986, Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia kwa ndege iitwayo Voyager, siku tisa bila kutua wala kuongeza mafuta, walivaa za majaribio zisije injini zikawaua masikio. Za kuuzia marubani zikaingia sokoni 1989. Mimi naifikiria ile safari ya siku tisa kila nikilalamika kuhusu saa yangu moja.

Lakini kulikuwa na kitu kilichokuwa kinanisumbua, na wauzaji niliowauliza wote walikipita juu juu. Shimo langu liko 4,000. Kifaa hiki kinazima mvumo wa 80 na majirani zake. Sasa kinanisaidia nini? Si ni kama kununua mwavuli kwa sababu viatu vinavuja?

Jibu nililipata kwa kukumbuka lile swali la Kapteni. Mvumo mzito unafunika sauti nyembamba. Konsonanti, zile t na s na k zinazotofautisha neno moja na lingine, ziko juu, nyembamba, karibu na shimo langu. Mvumo ukizifunika, unafanya nini? Unaongeza redio. Unaongeza tena. Na redio haiko mbele ya kioo kama propela, iko ndani ya kikombe, imebandikwa sikioni, inapiga kelele palepale ambapo umeanza kuwa kiziwi. Nilikuwa nalaumu injini miezi yote, na mkono uliokuwa unazungusha kitufe ni wangu.

Kwa hivyo sikuwa natafuta kimya. Nilikuwa natafuta kitu kitakachonifanya nipunguze redio. Hapo ndipo nikarudi sokoni na akili tofauti.

Soko lenyewe ni vichekesho. Jamaa mmoja aliniuzia hadithi ya hedseti ya elfu thelathini, Bose kabisa, picha safi, "haijatumika hata mwaka." Nikapanda boda mpaka South C na pesa mfukoni. Nilipoushika waya nikaona mwisho wake una plagi moja nene. Ndege yetu inataka plagi mbili, moja kubwa na moja ndogo. Ile ilikuwa ya helikopta. Adapta zipo, ndio, lakini jamaa alijua na alikaa kimya, na mtu anayekaa kimya kuhusu plagi sijui amekaa kimya kuhusu nini kingine. Nikarudi kwa miguu kutuliza hasira.

Mwishowe nikapata A20, ile iliyotangulia A30, ya rubani aliyekuwa anahamia ndege kubwa. Elfu sabini na tano. Saa tatu na nusu za kuruka, kwa sarafu yangu. Waya mzima, plagi sawa, inatumia betri mbili za kawaida za AA ambazo hata duka la mtaani zipo. Mito ilikuwa imechoka, lakini mito hubadilishwa. Alikuwa mtu mzuri. Akaniachia wikendi nzima niijaribu, nami nikamwachia kitambulisho na nusu ya pesa.

Sasa hapa ndipo baba anaingia.

Jumapili nilienda kwake. Baba hasikii vizuri, hilo tunalijua sote na tumelizoea kama ngazi mbovu ya nyumbani. Televisheni inasikika mpaka kwa jirani. Ukimuuliza umekula, anakujibu mvua bado. Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na akiniita, mtaa mzima unajua nimefika. Aliiona hedseti mezani akataka kuijua. Nikamvisha, nikawasha.

Akakunja uso. Akakaa. Akaivua.

"Mama, hii umeuziwa mbovu. Ina filimbi."

Nikaivaa mimi. Kimya. Mvumo wa friji ulikuwa umeondoka, sauti za watoto nje zimebaki nyembamba kwa mbali. Hakuna filimbi. Nikabadilisha betri, nikamvisha tena.

"Bado. Iiiiii," akaniigizia, kidole hewani, kama mtu anayefuata nzi kwa jicho. "Hausikii?"

"Baba, hebu ivue. Filimbi imeisha?"

Akaivua. Akasikiliza, kichwa kimeinama upande. Nje kulikuwa na redio ya jirani, na boda iliyokataa kuwaka.

"Imepungua," akasema. "Imebaki ile ya kawaida."

"Ya kawaida ipi?"

"Ile ya masikio. Si kila mtu huwa nayo?"

Sikujua nijibu nini. Nikamwambia hapana, baba, si kila mtu. Akanitazama kama ninayemtania. Nikamuuliza ilianza lini, akasema hata hakumbuki, wewe ulikuwa hujazaliwa. Maana yake tangu nimjue huyu mzee, kwenye kila mazungumzo, kwenye mazishi ya mama, akiwa amelala, kumekuwa na filimbi inayolia katikati yetu na hakuwahi kuitaja, kwa sababu hakujua ni kitu cha kutaja. Kelele za mji ndizo zilizokuwa zinamfichia. Hedseti ilipoziondoa, ikabaki yenyewe.

Nilikaa pale nikijisikiliza. Nikaziba masikio kwa vidole. Sijui kama nilisikia kitu au nilijitisha tu.

Baadaye akauliza bei. Nikamwambia. Akaipokea jinsi wazee wote wanavyopokea bei za siku hizi, kwa kuirudia kwa nguvu: "Elfu sabini na tano!" Kisha akaanza kuhesabu kwa kipimo chake. Sanduku moja la shule, lile kubwa, elfu tatu. "Masanduku ishirini na tano." Akanyamaza kidogo. "Msimu ukiwa mzuri, mimi na vijana wawili tunapiga hayo siku mbili."

Nikafikiria masanduku ishirini na tano, pembe nne kila moja, mapigo mangapi kwa pembe.

"Nunua," akasema, na kuongeza sauti ya televisheni.

Nilinunua. Saa tatu na nusu za kuruka zikaahirishwa, na niseme ukweli, ziliniuma. Kuna mwenzangu tulioanza pamoja aliyefanya safari yake ya peke yake kabla yangu kwa sababu hiyo. Aliposhangiliwa pale kwenye maegesho ya ndege nilipiga makofi kwa mikono yote miwili na moyo nusu.

Mara ya kwanza kuivaa ndani ya 172 tuliondoka na njia ya 14, mbuga ikafunguka chini yetu. Nikawasha tukiwa bado chini, injini ikinguruma. Ni kama mtu amefunga mlango na kuacha injini nje. Nilimsikia Kapteni akimeza mate. Niliposhika kitufe cha redio mkono ulienda wenyewe kuongeza. Nikauzuia, nikarudisha nyuma mpaka nusu. Mnara uliongea na nikasikia neno zima, mwanzo wake na mwisho wake.

Kapteni ana mashaka na hizi hedseti. Yeye ni wa kijani hadi kufa. Anasema zinamfanya mwanafunzi alale, asisikie injini ikianza kukohoa. Sikubaliani naye yote, ila hajakosea yote. Mvumo ukizimwa, injini huisikii kwa ukubwa uleule, na lazima ujizoeshe kuisikiliza upya na kuziangalia geji kwa macho. Siku hiyo alinifanya nipunguze mwendo mpaka ndege ianze kukosa hewa ya kuibeba, makusudi, ndio mafunzo. Ile pembe ya onyo ya Cessna ikaanza kulia kwenye bawa. Zamani nilikuwa naisikia ikiwa imeshakuwa kilio. Safari hii niliipata ikiwa bado mnong'ono. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaguna tu, na huyo kwa mzee kama yule ni sifa.

Si kwamba ni muujiza. Betri zikiisha angani unabaki na plastiki nyepesi ambayo haizuii kama ile ya kijani, kwa hivyo betri za akiba ziko mfukoni kila safari. Nimebadilisha miwani nikanunua yenye mikono myembamba. Msusi wangu sasa anajua: mistari midogo, bapa, hakuna fundo utosini. Aliniuliza kama nimeokoka.

Nilijaribu pia kuwapelekea wale vijana wa baba vizibo vya masikio, vile vya sponji. Mmoja alivivaa mpaka saa nne, akavitoa akasema hawasikii wateja wakiuliza bei, na mteja asiyejibiwa huenda kibanda kinachofuata. Mwingine alivipa mtoto wake acheze navyo.

Ile David Clark ya kijani nikainunulia mito mipya, nikampelekea baba. Nilitarajia vita. Akaigeuzageuza, akaipima chuma kwa kucha jinsi anavyopima kila kitu, akasema walioitengeneza ni mafundi. Kisha akachukua koleo na kuukata mkono wa maikrofoni, maana ulikuwa unamgonga mdevu, na waya akaukata pia akautumia kufungia turubai.

Sasa ukipita Kamukunji utamwona. Ni yule mzee wa hedseti ya kijani isiyo na waya, anapiga sanduku, hajui uko hapo mpaka umguse bega. Wateja humuuliza anasikiliza stesheni gani. Yeye huwajibu kwamba mvua bado.